Sifuri Saba

Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na miguu iliyovimba kila ikifika saa nane mchana. Kwa kuwa ni yeye tu aliyeweza kuchapa bila kuwinda herufi moja moja, mwalimu mkuu alimkabidhi programu mpya ya kuhifadhi alama na mahudhurio ya shule nzima. Wenzake wakambandika jina: Mama Data. Siku ya kwanza alicheka. Baadaye aliitika tu.

Alasiri moja aliagizwa atafute waliokosa mitihani mwaka uliopita. Akaiambia programu ilinganishe alama na mahudhurio. Wakatoka wanafunzi kumi na mmoja. Kumi walikuwa wameugua au wamehama. Wa mwisho, msichana mpole wa darasa la sita ambaye wenzake walimwita Kimya, alikuwa amehudhuria siku zote tano za mtihani. Alama zake: sifuri, masomo yote saba.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Sifuri zilikuwa palepale.

Ndipo akakumbuka. Kimya alikuwa na binamu katika mkondo wa pili. Wote wawili walipewa jina la bibi yao, na la ukoo lilikuwa moja. Siku ya kuingiza alama programu ilimuuliza mwalimu: majina haya yanafanana, je, ni mtu mmoja? Alikuwa amebakiza madarasa matatu na kichwa kinamgonga. Akabofya ndiyo. Zikabaki alama za binamu peke yake, za Kimya zikawa sifuri, naye akakariri darasa. Tena alikuja kulalamika, akasimama mlangoni: "Mwalimu, mtihani nilifanya." Naye, bila kuinua macho, akamjibu, "Kompyuta ikusingizie kwa lipi, mwanangu?"

Akaenda stoo. Alipekua mabunda ya karatasi mpaka vumbi likamkaba koo, akazipata za Kimya zote saba, zimesahihishwa na mwenzake aliyekwisha hamishwa. Hesabu: themanini na moja.

"Mwaka umefika nusu," mwalimu mkuu alisema, akijikuna kidevu. "Tukianza kufukua haya, wazazi watatupanda kichwani."

"Niliyebofya ni mimi. Nitakwenda kusema mimi."

"Haya. Nenda. Lakini mzigo huo ni wako."

Mama yake Kimya alikuwa fundi cherehani. Aliisimamisha mashine, akasikiliza hadi mwisho, akazigeuza zile karatasi moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, tangu mwaka uanze namwita mvivu," alisema. "Hata vitabu vyake vya hadithi nilimnyang'anya."

Kimya alikuwa pembeni anashona vifungo. "Nilikuambia, mama," alisema, wala hakupaza sauti. Mama yake akainamia kitambaa, asionekane uso.

"Nisamehe, mwanangu," mwalimu alisema. "Ulisema kweli, nikakufukuza."

Msichana alikata uzi wa kifungo. "Nitarudi kwa wenzangu?"

"Jumatatu. Ila wamekuacha mbali. Utabaki na mimi saa moja kila siku baada ya vipindi."

"Na wewe si unachoka?"

"Nachoka sana. Njoo hivyohivyo."

Walikwenda hivyo muhula mzima. Siku nyingine mwalimu alisinzia katikati ya sehemu na desimali, na Kimya akaendelea kukokotoa taratibu, asimwamshe. Matokeo yalipotoka, alikuwa wa kumi na tisa kati ya hamsini na wawili. Mama yake alikuja shuleni, akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Wiki hiyohiyo mwalimu alimwomba mkuu ampe mtu mwingine ile programu.

"Nimpe nani?" mkuu akauliza.

Wakaangalia wote wawili chumba cha walimu, viti na watu wake. Mwalimu akashusha pumzi, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akalifungua daftari la mahudhurio la darasa la kwanza.