Chanzo cha Mapigo

Wanawake wa cherehani walikuwa wakirudi kutoka chai ya saa nne, na Hayat alikuwa juu ya ngazi kwenye nguzo ya katikati, akikaza skrubu ya mwisho ya spika. Kiwanda hicho cha nguo kilikuwa mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, nyuma ya karakana za mabati, na ndani yake kulinuka pamba yenye joto na mafuta ya mashine. Spika ilikuwa ya kutoa onyo la moto. Kulikuwa na nyingine orofa ya juu, na zote mbili ziliendeshwa na kisanduku kimoja cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo hiyo. Maneno alikuwa ameyarekodi Hayat mwenyewe, kwa sababu katika karakana ya bosi wake, Ndirangu, hapakuwa na sauti nyingine ya kike.

Akabonyeza kitufe cha majaribio. "Kuna moto. Msikimbie. Tokeni kwa ngazi ya nyuma." Sauti ilitoka nyororo, kila neno mahali pake.

Jambo hilo halikumpendeza Hayat hata kidogo.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na kompyuta ndogo na chipu iitwayo kodeki, ambayo kazi yake ni kugeuza tarakimu kuwa sauti. Kodeki haijui wakati. Lazima ipewe mapigo kutoka nje, ya kasi isiyoyumba. Mapigo yakienda mbio, mtu anasikika kama ndege. Yakichelewa, anasikika kama mlevi. Yakikosekana, hasikiki kabisa. Kwa kawaida mapigo hayo hutoka kwenye kristali, kijipande kidogo kuliko punje ya mchele kinachochomelewa kwenye bodi. Halafu programu inayoiongoza kodeki, ile mafundi wanayoiita dereva, huambiwa chanzo cha mapigo ni kipi. Dereva aliyoiandika Hayat ilisema chanzo ni kristali. Lakini bodi za safari hii hazikuwa na kristali. Ndirangu alisahau kuziagiza, na badala ya kuchelewesha kazi akasema ziwekwe hivyo hivyo, zitashughulikiwa baadaye. Hayat alikuja asubuhi hiyo akiwa na hakika kwamba spika itanyamaza kama jiwe, na kwamba angempigia Ndirangu simu na kumwambia, si nilikwambia.

Akashuka, akafungua kisanduku, akagusa mguu wa kodeki unaopokea mapigo kwa ncha ya kipimio. Mguu huo haukuunganishwa na kitu chochote. Kwenye kioo cha kipimio yalionekana mapigo safi, ya kasi ileile iliyotakiwa.

Mwanamke aliyeketi kwenye cherehani chini ya spika aliinuka kwenda msalani. Mapigo yakafifia, kioo kikabaki na mstari mtupu. Aliporudi na kuketi, yakarudi.

Jina lake lilikuwa Teresiah, ila kiwandani walimwita Mama Shiku. Alikaa Kariobangi, na alikuwa akishona kola za mashati hapo tangu Shiku wake akiwa chekechea; sasa Shiku alikuwa na mtoto wake.

"Mama Shiku, samahani," Hayat alisema. "Unaweza kusogea mpaka dirishani?"

Teresiah akasogea. Mstari ukalala.

"Sasa rudi."

Mapigo yakaamka.

"Ni mimi, sivyo?" Teresiah aliuliza, macho yake kwenye kola. "Tangu hiyo kitu iwekwe, nasikia kama kuna uzi umefungwa hapa." Akagusa kifua. "Si uchungu. Unavuta tu."

"Moyo wako ndio unaoipa mapigo."

"Aa," Teresiah alisema. "Nilidhani ni presha."

Moyo hupiga mara sabini hivi kwa dakika, na kodeki huhitaji mapigo mamilioni kwa sekunde moja. Lakini chipu za aina hiyo huwa na sehemu ya kuzidisha mapigo, kwa hiyo Hayat hakuona ajabu sana. Kilichomsumbua ni kwamba dereva haikuandikwa hivyo. Alipanda juu ofisini kwa meneja, Bwana Matheka, akamweleza.

"Inafanya kazi?" Matheka aliuliza.

"Inafanya, lakini inategemea—"

"Teresiah ako kazini kila siku. Hajawahi kosa."

"Na siku akikosa?"

Matheka alifikiri kidogo. "Hatakosa," akasema.

Tangu siku hiyo Teresiah aliruhusiwa kwenda msalani wakati wa chakula pekee, na chakula chenyewe akakilia pale pale kwenye cherehani. Mashine yake ilipokwama, haikuhamishwa. Fundi aliletwa kando yake, naye akakaa akisubiri. Wenzake waliona ni mambo ya kawaida. Kila mtu kiwandani alikuwa na kitu alichofungwa nacho, na uzi wake angalau haukuonekana kwa macho.

Kisha dada yake akafariki huko Murang'a. Teresiah akaomba ruhusa ya kwenda kuzika. Matheka alimpa pole, akampa chupa ya soda, akamwambia wakaguzi wa usalama wa moto wangefika wiki hiyo hiyo na haikujulikana ni siku gani. Spika bila yeye ni sahani tu. Baada ya ukaguzi angepewa siku zote anazotaka.

Wakaguzi walikuja asubuhi ya mazishi. Hayat alikuwepo, ametumwa na Ndirangu asimame kando ya kisanduku na asiseme neno. Kabla wageni hawajaingia, Matheka aliagiza spika ijaribiwe. Sauti ya Hayat ilitoka nzito na ya kujikokota, neno moja likisubiri jingine, kama mtu anayefuata jeneza.

Matheka akainama kando ya cherehani. "Mama, jikaze kidogo. Hiyo inasikika kama matanga. Hawa watu watasema nini?"

"Pole, bosi," Teresiah alisema. Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichobaki, akanywa maji, akavuta pumzi. Sauti ikanyooka. Wakaguzi waliisikiliza, wakaisifu kwa kuwa nyororo, wakaenda zao. Saa hiyo Murang'a udongo ulikuwa ukirudishwa kaburini.

Hayat alimfuata Ndirangu karakanani.

"Kuna njia nyingine," alimwambia. "Kompyuta ikituma tarakimu za sauti, huzituma pamoja na mapigo yake yenyewe. Kodeki inaweza kuyatumia hayo, ikajitengenezea yake. Ni kubadilisha chanzo kwenye dereva, basi. Hayatakuwa sahihi kabisa, sauti itakuwa nzito kidogo na ya kukwaruza, lakini yule mama ataenda nyumbani."

"Hayat. Kitu kinafanya kazi na wakaguzi wamekipitisha. Wewe unataka kukigusa ndio kiharibike?"

"Kinafanya kazi na mtu."

"Kila kitu hufanya kazi na mtu," Ndirangu alisema, akarudi kwenye chuma chake cha kuchomelea.

Hayat aliiandika dereva hiyo mpya nyumbani kwao Majengo, bila kumwambia yeyote, kompyuta mapajani na kelele za wachuuzi wa soko la Gikomba zikiingia dirishani. Ilipokuwa tayari alikwenda kiwandani, akamwambia Nalianya, askari wa getini, kwamba amekuja kuangalia nyaya. Nalianya akamfungulia. Alikuwa ndiyo kwanza ameunganisha kompyuta yake na kisanduku wakati moshi ulipotokea kwenye bohari ya vitambaa, kando ya ngazi ya mbele.

Onyo likajiwasha lenyewe. Lakini Teresiah alikuwa ameuona moshi kabla ya spika, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Maneno yalitoka kama ndege wengi waliofukuzwa kwenye mti mmoja. Wanawake wa chini hawakuyahitaji; walikuwa na macho, wakatoka. Walio juu, wale wa kupiga pasi na kukunja, walisikia mlio wakadhani spika imeharibika. Kisha wakanusa moshi, wakaanza kukimbilia ngazi waliyoizoea. Hayat alisikia miguu yao juu ya kichwa chake, yote ikielekea mbele, kule kwenye moto.

"Mama Shiku, keti!"

Teresiah alikuwa amesimama, leso mdomoni.

"Walio juu hawaelewi sauti," Hayat alisema. "Wanaenda kwenye moto. Keti, utulie."

"Nitulie vipi, Hayat?"

"Sijui."

Teresiah akatazama dari. Halafu akaketi. Akachukua kola kutoka kwenye rundo, akailaza chini ya sindano, akakanyaga. Cherehani ikanguruma. Akaipindua kola kwenye kona, kama alivyozipindua zile nyingine maisha yake yote hapo, akaendelea. Moshi ulikuwa umejaa darini na sasa ulianza kushuka, ukiimeza nguzo kutoka juu. Mlio wa ndege ukapungua. Ukawa sauti ya mtu mwenye haraka, kisha sauti ya mtu. "Tokeni kwa ngazi ya nyuma. Msikimbie. Tokeni kwa ngazi ya nyuma."

Miguu ya juu ikasita. Ikageuka.

Hayat alikuwa akiandika kwenye kompyuta, machozi ya moshi yakimtiririka. Ili kubadilisha chanzo, ilibidi dereva ya zamani itolewe kwanza, na ikitolewa spika hunyamaza.

"Nikikwambia toka, utoke," alisema.

"Na wale?"

"Wataendelea kusikia."

"Una hakika?"

"La."

Teresiah akaitikia kwa kichwa, akapindua kona ya pili.

Hayat akaitoa dereva ya zamani. Ukimya ukaanguka ndani ya jengo, ikabaki cherehani moja tu. Juu, miguu ikasimama. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ni wapi sasa? Ni wapi?" Hayat akaingiza dereva mpya. Ikakataa. Ilisema haioni chanzo chochote cha mapigo. Akaisoma mistari yake ikiwa imepigwa ukungu, akaona herufi moja aliyoikosea kwa haraka, akaisahihisha, na vidole vyake vilikuwa vikigonga vitufe viwili kwa pamoja hata akalazimika kufuta na kuanza tena. Miguu miwili mitatu ilikuwa imeanza kurudi mbele. Teresiah alikuwa akikohoa sasa, lakini mshono wake haukupinda.

Spika ikakwaruza. "Kuna moto," ikasema, kwa sauti nzito ya mwanamke aliyepoteza sauti sokoni. "Tokeni kwa ngazi ya nyuma."

Teresiah akashika kifua. "Umekatika," alisema. "Ule uzi."

"Toka!"

Wakatoka wakishikana mikono, wameinama, na waliokuwa juu wakateremka nyuma yao mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyebaki ndani. Bohari iliteketea, na sehemu ya ngazi ya mbele. Uani Teresiah aligundua kwamba bado ameishika ile kola. Wiki iliyofuata kola hiyo ilipelekwa kwa mkaguzi wa ubora pamoja na nyingine, ikapita.

Kazi ilipoanza tena, Matheka aliijaribu spika mbele ya wanunuzi waliokuja kuona kama kiwanda ni salama. Sauti nzito ikatoka. Mmoja akauliza kama huyo mwanamke ni mgonjwa. Alasiri hiyo Matheka aliwaita ofisini Ndirangu na Hayat.

"Nataka ile ya kwanza," alisema. "Ile ya moyo."

"Moyo wa mtu hauaminiki, bosi," Hayat alisema. "Uliona wewe mwenyewe. Moto ulipotokea sauti ilienda mbio."

"Halafu ikatulia. Mashine gani inaweza kutulia kwenye moto?"

"Weka kristali. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Sauti itakuwa nyororo na hakuna mtu atakayefungwa."

Ndirangu aliangalia viatu vyake. Matheka hakukasirika, alieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwanawe.

"Kristali inaagizwa, Hayat. Inakaa bandarini. Mtu huja mwenyewe mpaka getini."

Ndirangu aliirudisha dereva ya zamani kwa mkono wake, kwa kuwa Hayat alikataa. Wakamwita Teresiah, wakamketisha mahali pake. Uzi ukafunga tena, lakini moyo wake haukuwa ule wa zamani. Kila kipande cha kitambaa kilichoanguka sakafuni kiliushtua, na sauti ikaruka na kuzama kama tochi yenye betri mbovu. Matheka alimsikiliza kwa subira asubuhi nzima. Adhuhuri akamshukuru kwa utumishi wake, akamwachisha kazi.

Hayat alimkuta stejini, kando ya matatu, mfuko wa nguo miguuni.

"Naenda Murang'a," Teresiah alisema. "Nikaone pale walimweka."

"Nisamehe, Mama Shiku."

"Wewe ulinikata uzi. Aliyeufunga si wewe." Akampangusa Hayat kitu shavuni, pengine masizi, ingawa siku zilikuwa zimepita, akapanda matatu.

Jumatatu kulikuwa na tangazo getini: anahitajika mtu wa kuketi, mwenye moyo uliotulia. Hayat alipofika kuchukua vifaa vyake, foleni ilikuwa imeshapita karakana za mabati na kukunja kona. Nalianya alikuwa akiwapokea mmoja mmoja, akiwashika kifundo cha mkono na kutazama saa ya simu yake. Ambao mioyo yao ilikwenda mbio aliwarudisha nyuma wakapumzike.

Hayat alisimama kando ya msichana aliyevaa sweta la shule aliyomaliza mwaka uliopita.

"Sikiza," alimwambia. "Hiyo kazi haihitaji mtu. Inahitaji kitu kidogo tu, hawataki kukileta. Ukikaa pale hutainuka. Hata ukifiwa."

Msichana alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Lakini ni kuketi tu?"

"Ni kuketi tu."

"Basi sista, tafadhali," msichana alisema kwa sauti ya chini, macho ameyafumba, kiganja juu ya kifua. "Usiniongeleshe. Nimebakisha watu wawili."