Waya Chini ya Tangi

Wateja walimpachika jina la Kesho, naye hakulikataa. Ukimpelekea pikipiki asubuhi, ataizunguka mara tatu, ataichungulia kama daktari anayechungulia koo la mtoto, kisha atakwambia, "Njoo kesho." Hakuwa mvivu, alikuwa mwoga. Kila waya aliouunga aliuvuta mara mbili, akauacha, akarudi kuuvuta tena.

Woga huo aliuokota mlimani. Miaka sita nyuma, ndani ya ukungu wa asubuhi, lori lilimtokea puani. Yeye hakuliona, na dereva hakumwona. Mguu wake wa kulia ulishikizwa kwa vyuma, na tangu hapo hakupanda pikipiki zaidi ya kuizungusha uani kujaribu breki.

Sasa mdogo wake wa kike, muuguzi, alikuwa amepangiwa kupeleka chanjo kwenye zahanati za huko huko mlimani, kwa ile pikipiki kubwa ya safari yenye tairi za meno na masanduku ya bati ubavuni. Kesho aliposikia, chakula kilimshinda. Akaamua kumfungia taa mbili za ziada, za njano, zinazopenya ukungu.

Kazi ilimchukua siku mbili. Alizifunga kwenye vyuma vinavyokinga injini, moja kila upande, akaziinamisha kidogo zisimpofushe anayekuja mbele. Kutoka kwenye betri, chini ya kiti, alipitisha waya mwekundu mnene chini ya tangi la petroli, ukapita shingoni mwa usukani hadi kwenye rilei, kidude kinachopitisha umeme wa taa swichi ikibonyezwa, nyuma ya taa kubwa. Swichi akaiweka palipofikika kwa kidole gumba. Kikabaki kitu kimoja tu, fyuzi, kile kidude kinachokubali kuungua chenyewe waya ukipata hitilafu, ili kisiungue kingine. Hicho hukifunga mwisho. Kwa kujaribu tu, alikuwa ameuunga waya moja kwa moja kwenye betri.

Mdogo wake akaingia na boksi la chanjo mikononi.

"Kaka, shikamoo. Iko tayari?"

"Marahaba. Bado kidogo."

"Usiniambie kesho! Barafu inayeyuka, na akina mama wameshapanga foleni tangu alfajiri."

Kesho akabonyeza swichi. Ukuta wa gereji ukapigwa na mwanga wa njano mpaka nyufa zake zikahesabika. Mdogo wake akacheka.

"Hizi taa au jua? Mbuzi watadhani kumekucha mara mbili!"

Kesho naye akacheka, jambo lisilo la kawaida kwake. Katika kicheko hicho akarudisha kiti, akakibana, akamsaidia kufunga boksi nyuma. Akamwambia apunguze mwendo kwenye kona. Akamwambia tena. Pikipiki ikanguruma, ikaondoka.

Ilikuwa imepita robo saa hivi alipoanza kukusanya vyombo. Koleo, bisibisi, mkanda mweusi wa kufungia nyaya. Alipoinua kitambaa cha kufutia grisi akaiona fyuzi. Ipo mezani, ndani ya kikasha chake, haijaguswa.

Hakuhitaji kufikiri, aliuona ule waya kama vile tangi limegeuka kioo. Kila usukani unapokata kona, unaubana. Barabara ya mlimani ni kona tupu. Ganda la waya likichunika, shaba ikigusa chuma, hakuna cha kuukata umeme: waya utawaka kama mkaa, na juu yake lita ishirini za petroli.

Alimpigia mdogo wake simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, akijua fika kwamba kwenye kofia ile ngumu, na simu ikiwa mkobani, hasikii kitu. Mara ya tatu simu ilimponyoka, akaiokota na kuitia mfukoni.

Uani palikuwa na pikipiki ndogo ya mteja, iliyoletwa kubadilishwa mnyororo. Aliitazama, akaugusa mguu wenye vyuma.

"Mungu wangu," alisema, akatia koleo na ule mkanda mfukoni, na fyuzi kwenye mfuko wa shati, akapanda.

Mpaka nyumba zilipoisha alikwenda kama mtu anayejifunza. Barabara ilipoanza kuinuka akaongeza mafuta, na ukungu ukamlaki, mwanzo nyuzi nyuzi, kisha mzito kama pamba. Alikuwa haoni hata tairi lake la mbele. Mahali fulani juu lori lilipiga honi. Kesho akajikunyata, akataka kusimama kabisa, atupe ile pikipiki mtaroni na kukaa chini. Akilini akamwona mdogo wake akicheka mbele ya ule ukuta wa gereji. Akaendelea. Lori likampita karibu kiasi cha kumlowesha uso kwa maji ya matairi yake, naye akajikuta anapiga kelele peke yake kama mtoto, huku mkono haujaachia mafuta.

Kona ya sita au ya saba, akaona njano. Taa mbili, pembeni mwa barabara, zinafifia na kuwaka, zinafifia na kuwaka. Mdogo wake alikuwa amesimama, bado kaikalia pikipiki, anazungusha usukani huku na huku achungulie taa zina nini.

"Usiguse usukani! Shuka! Shuka!"

Yeye akavua kofia. "Kaka? Wewe umepanda..."

"Shuka!"

Akashuka, akazima ufunguo. Haikusaidia kitu, kwa sababu waya ule ulitoka moja kwa moja kwenye betri. Uzi wa moshi ukachomoza chini ya tangi, mweupe, unanuka plastiki. Muuguzi akauona, na badala ya kukimbia akarukia boksi la chanjo.

"Liache!"

"Siliachi!"

Kesho aling'oa kiti. Koleo liligonga betri mara mbili kabla ya kuushika waya. Ulikuwa unachoma hata kupitia ganda. Akaubana, akakata. Cheche moja, kisha kimya. Moshi ukapungua, ukaisha. Akakaa kwenye majani yenye umande.

Mdogo wake alikuwa hatua kumi mbali, boksi kifuani. "Waya mbovu?"

Angeweza kuitikia. Nyaya mbovu zimejaa madukani.

"Waya mzima," alisema. "Mimi nilisahau fyuzi."

Mdogo wake akalikumbatia boksi kwa nguvu zaidi, na Kesho akajua woga umemfikia sasa, baada ya hatari kupita.

"Unayo?"

Akaitoa. Lakini kuifunga hakuweza, vidole havikumsikia. Mdogo wake akaweka boksi chini, akapiga magoti, akachukua koleo na mkanda. Mkono unaoshona vidonda hautetemeki ovyo. Kesho akawa anamwelekeza: kata palipoungua, menya, sokota, funga mkanda, upitishe mbali na shingo ya usukani. Fyuzi ikakaa mahali pake. Taa zikawaka bila kufifia.

"Ukinifungia kitu tena," alisema akivaa kofia, "nitakubali kuja kesho, kaka. Nitakuja hata mtondo."

Hakucheka aliposema. Akaondoka polepole, na ukungu ukammeza.

Kesho hakuthubutu kushuka mlima. Alikaa juu ya jiwe kando ya pikipiki ya mteja, akisikiliza kila lori, mpaka jua likapanda na barabara ikaonekana hadi bondeni. Mchana simu iliita.

"Nimefika, na barafu ipo. Watoto wameshaanza kulia." Kisha akauliza, "Uko gereji?"

"Niko njiani," alisema Kesho. Akainuka, akaanza kuikokota pikipiki mteremkoni kwa miguu.