Mshale Nyuma ya Gari

"Treni ilishakufa, mama," dereva wa teksi alimwambia mtalii mwenye kofia pana, akainamisha kichwa kama anayetoa rambirambi. "Reli imebaki ya mbuzi kuotea jua."

Mume wa yule mama alikunja ramani yake. Walikuwa wamekataa basi la ziara la melini. Walitaka kwenda mjini wenyewe, wajionee. Dereva akawafungulia mlango kabla hawajauliza la pili. Zamu haikuwa yake, ila wenzake walikuwa wamezama kwenye karata, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Treni ilikuwa buheri wa afya. Ilipita nyuma ya ukuta wa ghala, mwendo wa kumaliza sigara moja kutoka geti la bandari. Kibao chenye mshale kilionyesha njia, na ndiyo maana kila asubuhi gari la kwanza kufika lilipandishwa ukingoni na kuegeshwa mbele ya kibao hicho. Ujanja huo aliubuni yeye, pamoja na maneno ya mbuzi, na wenzake wakambatiza Stesheni Masta. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa imekata misimu bila hata kona.

Njiani simu iliita. Alikuwa Mnene, dereva mwenzake. Akajua ni kesi ya zamu, akainyamazisha. Ikaita tena, akailaza kifudifudi kitini.

Mjini aliwashusha wageni. Nyumbani kwake palikuwa njiani, akapita polepole mbele ya mlango na kupiga honi. Mjukuu wake, aliyekuwa akimmwagia paka maji, alimpungia kikombe. Mkewe akamuuliza dirishani kama anashuka ale. Akasema wapi, bandarini kumejaa abiria.

Aliporudi getini, karata zilikuwa zimekunjwa. Hakuna aliyemtania. Mnene alimwonyesha kwa kidevu: kwenye ukingo wa saruji alikaa mwanamke mwenye sare ya wafua nguo wa melini, nywele zimenyolewa karibu kipara, mfuko wa karatasi mapajani.

"Shikamoo, baba."

Binti yake. Aliondoka mtoto wake akiwa bado ananyonya. Meli ilikuwa itie nanga huku wiki ijayo. Dhoruba ilifunga bandari nyingine, meli ikageuzwa huku.

"Marahaba, mwanangu. Umeshuka saa ngapi?"

"Asubuhi. Nimepewa ruhusa hadi king'ora cha kwanza." Akatabasamu, amechoka. "Niliuliza treni ya mjini. Kaka yule akaniambia ilishakufa, reli imebaki ya mbuzi kuotea jua. Nikasema potelea mbali, baba yangu si yuko hapa hapa?"

Mnene alijitetea kwa sauti ya chini. Angemjuaje? Alimwona abiria kama abiria wengine. Alipojitaja walipiga simu, wakapiga tena. Wakataka kumpeleka wao, dada mwenyewe akakataa, akihofia kupishana na baba yake njiani. Wakamwambia basi tulia, anarudi sasa hivi.

Dereva hakumtazama. "Ingia garini," alimwambia binti. "Nitaikanyaga."

"Kwenda tu sawa. Na kurudi? Nikiachwa na meli, kazi ndiyo basi tena." Alinyoosha kidole kimoja kwenye mshono wa mfuko, akakipitisha, akakirudisha. "Mtoto hajambo lakini?"

"Hajambo."

"Ulimwona lini?"

"Sasa hivi. Alikuwa anamwogesha paka."

Binti alicheka. Kisha mkono ukamwenda mdomoni, ukakaa hapo.

King'ora kililia. Alisimama, akamkabidhi baba yake mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vyekundu vya mtoto. Alivikadiria kwa kiganja, alisema, kwa jinsi unyayo ulivyokuwa ukijaa mkononi mwake; akaongeza kidogo, maana watoto hukua.

"Vitamtosha, baba?"

Dereva alikishika kimoja. Kilimezwa na mkono wake; mguu wa mjukuu ulishakipita.

"Vitamkaa," alisema.

Meli ilipojitenga na gati, alirudi kwenye gari lililoegeshwa ukingoni. Siku hiyo lilikuwa la Mnene. Akanyoosha mkono kuomba funguo, na Mnene akampa. Akalishusha hadi barabarani. Mshale ukaonekana, umepauka, na utando wa buibui umeunganisha ncha yake na nguzo.

"Stesheni Masta," Mnene aliita taratibu, "kesho kuna meli nyingine."

Alimrudishia funguo, akaufuata mshale kwa miguu, akalipita ghala, hadi stesheni. Treni ya mjini iliingia kwa wakati wake. Milango ikafunguka mbele yake. Ndani, viti vitupu vilitazamana. Alisimama na viatu mkononi, kimoja kimelala ndani ya kingine, na milango ikakaa wazi, ikimsubiri.