Mawe ya Polikarpo

Polikarpo alikuwa na jina refu kuliko kimo chake. Padri alimbatiza hivyo, mama yake akalikata akamwita Poli, na watu wa Michenga wakamwita Mchovu tangu kiangazi kile alipochukuliwa upagazi wa Mdachi, akaanguka na mzigo kwenye njia ya Mahenge. Askari walimcharaza viboko mpaka akayasahau yale majina mawili ya kwanza. Mwenzake aliyeanguka naye hakuinuka tena. Polikarpo alirudi nyumbani na sala moja tu: wakija kumchukua tena, asianguke.

Ndipo shemeji yake Kelestini, kaka wa mkewe, alipomfungia mawe mawili kwenye ncha za mti, nyuma ya nyumba, ajizoeze kunyanyua. Kamba zilikuwa za magome. Juma halikuisha, moja ikakatika, jiwe likaondoka na ukucha wa dole gumba.

"Shemeji, Mdachi akija atakuta tumeshammalizia kazi," Kelestini akacheka.

Yosefina hakucheka. "Kaka, mume wangu ni huyo huyo, sina wa akiba. Tengenezeni kitu cha maana, la sivyo huo mti naupikia wali."

Wakatengeneza. Walileta mti wa mkongo, mgumu usiopinda. Walichimbia nguzo mbili zenye panda, zinazofika kifuani, ili mikono ikilegea mti udakwe na panda, si shingo. Magome wakayatupa, mawe wakayafunga kwa ngozi mbichi ya nyati iliyolowekwa chunguni; ikikauka hubana kama wivu. Polikarpo akanyanyua kila kulipokucha. Shingo ikanenepa, na Yosefina akaanza kumwita kwa jina lote.

Asubuhi moja ngozi ilikuwa imelegea. Kelestini alikuwa akiimwagia maji ili aifunge upya, askari watatu wakachomoza kwenye matete, nyuma yao wapagazi na masanduku.

"Nini hiki?" mkubwa wao akauliza.

Ulimi wa Kelestini haukuwahi kuomba ruhusa kichwani. "Dawa, afande! Dawa ya unyonge."

Mwaka ule neno hilo halikuwa la kutania. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wakinywa maji ya waganga na kwenda vitani, na aliyekamatwa akiwa na dawa alinyongwa. Na hapa palikuwa na chungu cha maji, wanaume wawili, na mpumbavu aliyelitamka neno lenyewe. Bunduki zikainuka. Askari akazitazama zile panda na mti uliolala juu yake.

"Hata mti wa kuwanyongea mmeshausimamisha. Watu wema sana."

"Afande, mdomo wake haujakomaa," Polikarpo akasema. "Hapa najizoeza kubeba mizigo yenu."

"Beba, tuone."

Akashika. Ngozi ilikuwa bado mbichi. Jiwe likateleza, mti ukainama upande, panda ikaudaka. Yosefina alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Polikarpo akausawazisha, akavuta pumzi, akaupandisha mpaka juu ya kichwa. Hakuanguka.

Askari wakaangua kicheko. "Huyu si mwasi, huyu ni punda! Mpeni lile sanduku kubwa."

Kelestini akatwishwa hema. Njiani Polikarpo akasikia vyuma vikigongana juu ya utosi wake. Risasi.

"Tunaelekea wapi, afande?"

"Lupiro. Kuna watu wanataka adabu."

Lupiro ndiko kwao Yosefina. Mama mkwe yuko huko, na wadogo zake wote. Akamgeukia Kelestini amsikie akitoa angalau mzaha mmoja. Kelestini alikuwa akitazama ardhi.

Mtoni mtumbwi haukuweza kufika ukingoni. Wapagazi waliufuata majini, maji yakawafika kifuani. Polikarpo alikuwa na nguvu. Shingo haikuuma, miguu ilishika tope barabara. Alitembea mpaka pale maji yalipogeuka meusi kwa kina, akaondoa mikono.

Sanduku likazama bila kelele.

Askari akamburuta mpaka mchangani, kiboko kimeshanyanyuliwa. "Asubuhi ulinyanyua mawe, wewe! Asubuhi ulikuwa na nguvu!"

"Asubuhi, afande," Polikarpo akasema, "nilikuwa nyumbani kwangu."