Harufu ya Mkaratusi

Asikwambie mtu, mafua hayana adabu. Yalimwacha Profesa mwaka mzima, yakamvamia asubuhi ile ile ya kuonja mvinyo.

Profesa, kwa taarifa yako, hakuwa profesa wa kitu chochote. Alikuwa mhudumu wa baa hotelini. Jina hilo wenzake walimpa baada ya kwenda kozi fupi ya mvinyo akarudi hashikiki. Hata chai ya mkewe alikuwa akiizungusha kikombeni, anaingiza pua, anafumba macho. “Inaanza vizuri, mke wangu, lakini haina mwisho.” Mkewe, fundi cherehani asiyependa upuuzi, alimjibu kwamba mwisho wake uko kwenye sufuria, akaioshe.

Sasa hoteli ilikuwa inatafuta msimamizi wa mvinyo. Kazi yenyewe ina ofisi, ina ufunguo wa stoo, ina suti, na Profesa aliitaka mpaka akawa anaiota. Mwenye hoteli, mama wa maneno machache, alileta chupa za Australia, nyeupe na nyekundu, akawaalika wateja wake wakubwa wawili, wakili na daktari wa meno, waonje pamoja na wagombea. Wagombea nao walikuwa wawili: Profesa, na shemeji yake, kaka wa mkewe, mhudumu wa chumba cha kulia.

Na Profesa pua imeziba tititi! Asubuhi mkewe alikuwa amemchua kifua, shingo na chini ya pua kwa ile dawa ya mafua ya kichupa, yenye mafuta ya mkaratusi, tena bila huruma. “Utapumua,” alimwambia. Kupumua alipumua. Ila dunia nzima ilinuka mkaratusi.

Ukamiminwa mweupe wa kwanza. Wakili akaonja, akaanza kuchungulia nyuso za wenzake kama mwanafunzi asiyesoma. Daktari naye vivyo hivyo. Macho yote yakamgeukia Profesa. Akanusa. Mkaratusi. Akanusa tena. Mkaratusi! Jasho likamtoka, halafu akakumbuka mwalimu wa kozi aliwahi kusema baadhi ya mvinyo wa kule hubeba harufu ya mikaratusi iliyopandwa jirani na mashamba ya zabibu. Alisema mwekundu, hakusema mweupe, lakini maji yakishafika shingoni nani anaangalia rangi?

“Mkaratusi,” akatamka taratibu. “Kwa mbali.”

Daktari, aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega, akainamia glasi, akavuta pumzi. “Haa! Kweli bwana! Naupata!”

Angeukosaje? Wakili naye akasogeza kiti karibu, akaupata. Ukaja mwekundu, wakaupata mzito zaidi. Ilipofika chupa ya nne wakili aliupata hata kwenye mkate, akatangaza kwa fahari kwamba ulimi wake umefunguka. Wote wawili wakaagiza makasha ya kupeleka nyumbani.

Shemeji alichukua glasi yake, akaenda dirishani, akanusa, akarudi.

“Samahani, waheshimiwa. Mimi kwenye huu mweupe nasikia limau tu. Mkaratusi ni shemeji. Amepakwa dawa ya mafua.”

Daktari alicheka mpaka akajifuta machozi. “Wivu huo, kijana,” wakili akasema.

Hapo Profesa angeweza kusema ukweli. Alimtazama shemeji yake, mtu aliyelala naye sakafuni hospitalini mtoto wa Profesa alipougua, asimwache hata kidogo. Akaiona na ile suti akilini.

“Pua ni mazoezi, shemeji,” akasema. “Usikate tamaa.”

Shemeji akaanza kukusanya glasi.

Wageni walipoondoka, mwenye hoteli akambakiza Profesa. “Kazi ni yako.”

“Ahsante sana, mama. Unajua, pua yangu...”

“Pua yako imeziba. Dawa yako niliisikia tangu ukiwa mlangoni. Wajukuu zangu nawapaka hiyo hiyo.”

Aibu ilimpanda Profesa mpaka masikioni.

“Basi... si umpe shemeji, mama?”

“Shemeji yako anajua mvinyo, ndiyo maana hanifai. Mgeni akimuuliza kama ni mzuri, atamwambia. Mimi nina kontena zima linakuja, na mzigo wenyewe si wa kusifia. Wewe umewanusisha watu wazima kifua chako, wakanunua. Mtu wa namna hiyo nimtafute wapi tena?”

Ilimuuma, jamani. Miezi yote ile alikuwa akitamani mtu mmoja tu aseme ana pua, na huyu hapa anamwajiri kwa sababu hana. Angeweza kukataa. Hakukataa.

Mama akamimina glasi, akamsogezea. “Kunywa. Usinuse, kunywa tu.”

Akanywa.

“Mtamu?”

“Sijui, mama,” akasema, na hilo tu ndilo neno la kweli alilolitoa siku nzima.

“Safi. Usije ukajifunza.”