Ekseli Iliyong'ang'ania Difu

Kwa miezi minane Nakuru ilikuwa inamtoka Naftaly Wanyonyi masikioni, kidogo kidogo, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo yenye tundu la msumari. Walianza kuondoka ndege. Ikafuata mvua: alikuwa akiamka nyumbani kwake Kiamunyi akakuta ua umejaa madimbwi, ilhali usiku kucha hakusikia tone hata moja juu ya bati. Mwisho zikaondoka honi za malori. Mji ukabaki kupita mbele yake taratibu, midomo ya watu ikifunguka na kufungwa, na kuna nyakati, Mungu amsamehe, aliupenda hivyo. Angesimama mlangoni pa karakana asubuhi, akaona heroe wakiinuka ziwani kwa mbali, wekundu wao umepauka, na isisikike hata sauti ya bawa. Alijiona kama yuko ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Kilichomtisha ni kazi. Fundi huisikia gari kabla hajaigusa, na Wanyonyi alikuwa amesifiwa kwa masikio yake miaka arobaini. Sasa alikuwa anabahatisha. Alimwuliza mteja maswali mengi, akamtazama midomo, akaweka kiganja juu ya injini, akajifanya anawaza. Mficha maradhi kilio humfichua, hilo alilijua, lakini aliendelea kuficha.

Zaidi ya wote alimficha Karishma. Huyu alikuwa binti wa marehemu Balwant, aliyeijenga karakana ile na kumpokea Wanyonyi akiwa kijana asiyejua kushika spana. Karishma alikulia miguuni pao, akichezea nati na bolti. Siku hizi ndiye bosi, ingawa bado alimwita Anko. Wanyonyi hakuogopa kufukuzwa. Karishma si mtu wa kufukuza. Aliogopa kiti. Pale langoni palikuwa na kiti cha plastiki alichokalia Balwant miaka yake ya mwisho, akiletewa chai na kusalimiwa kwa heshima na watu ambao hawakumwuliza tena jambo lolote la maana. Kiti kile kilikuwa wazi, na kila Wanyonyi alipokipita aligeuza uso pembeni.

Tena Karishma alikuwa ameanza kijitabia cha kuudhi. Kabla ya kusema neno, aligonga meza ya chuma kwa spana mara tatu. Wanyonyi alihisi mtikisiko viganjani, akainua kichwa.

"Wewe, hii ni meza, si mlango," alimgombeza siku moja.

Karishma alicheka tu.

Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, pikapu iliingia imebeba ile pikipiki ya magurudumu manne ya Daktari Chepkemei. Chepkemei ni daktari wa mifugo kule Keringet, na mvua ikinyesha, hakuna kitu kingine kinachopanda vile vilima kwenda kuzalisha ng'ombe wa watu. Aliruka chini, buti zimejaa tope.

"Mzee, kuna fundi huko Salgaa alivuta ekseli ya mbele, akavuta, akavuta, mpaka ikaachana katikati," alisema. "Nusu imebaki ndani. Akaniambia ninunue difu ingine. Nitatoa wapi?"

Wanyonyi aliyasoma maneno hayo midomoni, na yaliyobaki akayaona kwa macho yake. Alipiga magoti. Kikombe cha ekseli, kile kichwa chake cha ndani, kilikuwa kimebaki kwenye difu, lile sanduku la gia linalogawia magurudumu nguvu, na ukingoni pake palikuwa na unga mweupe. Magadi. Pikipiki hii ilitoka katika hoteli iliyokuwa kando ya ziwa, kabla ziwa halijapanda na kuwafukuza wenye hoteli. Tope la magadi lilikuwa limeingia kwenye meno ya ekseli, likajenga nyumba humo.

Ekseli ya namna hii haibembelezwi. Mwishoni mwake kuna kijipete cha waya kinachoishika, na ukivuta polepole, pete nayo inazidi kushika. Dawa yake ni kuisukuma ndani kwanza, kuizungusha kidogo, kisha kusikiliza. Pete ikijikalia sawa hulia tik, mlio mdogo kama wa njiti ya kiberiti kuvunjika. Hapo ndipo unapoishtukiza kwa nguvu zako zote. Ukikosea, unapasua ganda la difu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Walimwaga mafuta ya kulainisha kutu, wakangoja. Karishma alishika kikombe kwa koleo, akawa anakisukuma na kukizungusha. Wanyonyi aliinamisha sikio, akakunja uso kama alivyokuwa akiukunja zamani. Hakusikia kitu. Ukimya ulikuwa umetanda mle kama ukungu wa asubuhi kule Menengai, na ndani yake uso wa Karishma ulikuwa ukimtazama, ukingoja neno lake.

"Hapo!" alisema, na akaukandamiza mtaimbo.

Mtaimbo uliteleza. Kipande cha aluminiamu, ukubwa wa ukucha wa mtoto, kiliruka kutoka ukingoni mwa difu kikaanguka karibu na buti la daktari.

Karishma alikiokota. Akasogea mpaka mbele ya macho ya Wanyonyi. "Anko," alisema polepole, "haikulia."

Wanyonyi aliona aibu. Alitoka, akaenda kuketi nyuma ya karakana juu ya kipande cha reli, ambapo kwa mbali ziwa lilionekana jeupe, na ile miti mikavu iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji. Akawaza kiti cha plastiki. Akawaza kuwa labda sasa amefika.

Labda ni ile reli aliyoikalia iliyomleta baba yake. Mzee Sitati alikuwa mgonga magurudumu katika stesheni ya Nakuru. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja kujua lipi limepasuka. Wanyonyi alimwona wazi kabisa, mbele ya ziwa, anatembea juu ya maji bila haraka, behewa baada ya behewa. Na mdomoni mwake, kama siku zote, alikuwa ameuma ufito wa chuma, ncha yake ya pili imegusa gurudumu. Watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walikuwa wakimcheka: baba yake Naftaly anakula treni! Naye alikuwa akiwajibu, "Nazuia vumbi lisiingie."

Vumbi gani, mzee? Ufito unazuia vumbi gani?

Wanyonyi alisimama. Alikumbuka mama yake akigonga meza kwa mwiko kabla ya kumwambia mume wake chakula tayari. Alikumbuka wakiita "Baba!" mara nne, mara tano, na mgongo wa baba usigeuke. Miaka yote walidhani ni ukali. Mzee alikuwa hasikii kitu, na hakumwambia mtu, akaenda na siri yake kaburini. Wanyonyi alimhurumia kwa uchungu ambao hakuwa nao hata siku ya mazishi.

Alirudi ndani. Alichukua bisibisi ndefu kuliko zote, akafuta mpini kwa shati, akauma. Ncha akaigusisha kwenye kikombe. Kwa mkono akamwonyesha Karishma: zungusha.

Dunia ilirudi kupitia meno. Alisikia chuma kikisaga magadi, krrr, krrr, kama mtu anayetembea kwenye ufuko mkavu wa ziwa. Alisikia mafuta yakiteremka ndani ya difu. Alisikia koleo la Karishma, na pumzi yake ikitetemesha koleo, na chini ya yote hayo ngurumo ndefu, huenda ni malori ya barabara kuu yakipanda kuelekea Salgaa, huenda ni damu yake mwenyewe. Alifumba macho. Angeweza kukaa humo mpaka jioni.

Tik.

Alitema bisibisi. Alipokuwa nje, Karishma alikuwa amefunga mnyororo kwenye kikombe, na kwenye mnyororo fimbo yenye pande zito la chuma linaloteleza. Wanyonyi alilishika pande lile akalivuta mara moja tu, kwa ghafla, na ekseli ikachomoka, yeye akaanguka chali nayo kifuani. Difu ilikuwa nzima. Ule ukingo uliomeguka ungejazwa.

Daktari Chepkemei alikuwa anapiga makofi bila sauti. Karishma aliinama kumwinua, na Wanyonyi, uso wake ukiwa karibu na wake, aliona kuwa hawezi kuificha siri kama Mzee Sitati. Akamnong'oneza.

"Mimi sisikii tena, mwanangu. Miezi minane sasa. Nimekudanganya."

Alidhani amenong'ona. Lakini wachomeleaji wa ng'ambo ya barabara walizima mashine zao wakageuka, mama wa chai alisimama na birika hewani, na daktari alishusha mikono. Alikuwa ametangazia mtaa mzima.

Karishma hakugeuka kuwatazama. Alinyoosha mkono, akachukua spana, akagonga meza mara tatu. Wanyonyi akainua macho.

"Anko," alisema, akilitamka kila neno aone, "kwani ulidhani nabishia meza hodi kwa nini?"

Kisha akaokota ile bisibisi iliyotemwa, akaifuta, akauma mpini, na akaashiria upande wa pili wa difu, ambako ekseli ya kushoto ilikuwa bado imeshika. Alikuwa anangoja afundishwe.

Wanyonyi alilia pale pale sakafuni, wala hakujua analia kwa sauti kubwa kiasi gani.