Mbwa Wako wa Mwisho Alikufaje?

Wakesho alitoka Werugha amekasirika, na mpaka anafika Voi hasira ilikuwa haijapoa. Kila aliyeambiwa naye kwamba anateremka kutafuta mbwa mzee aliyetupwa, akamlee, alimcheka. Jirani mmoja alimwambia atamlisha ugali bure. Mwingine akamwahidi mtoto wa mbwa, mnono, asiyelipiwa. Mumewe Josephat, aliyeshika usukani wa pikapu, alikuwa na wimbo huo huo tangu Mwatate.

"Nyani wa shambani watamcheka, Mama Derrick. Mlinzi gani hana meno?"

"Wewe una miaka sitini na tisa, na meno ya mbele uliyaacha hospitali. Nikufukuze?"

Josephat akatazama barabara.

Mbwa walitunzwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, katika mabanda ya waya na mabati. Daktari Khairat, binti wa mjini Voi, mtandio kaufunga nyuma ya shingo, aliwapitisha banda moja hadi jingine bila maneno mengi. Katika banda la mwisho alilala mbwa mwenye kidevu cheupe na macho ya ukungu. Wenzake walirukia waya. Yeye aliinua kichwa tu. Wakesho alichutama, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Huyu," akasema.

"Huyo tulimwokota Miasenyi, kando ya barabara kuu," Khairat alisema. "Siku tano alikaa palepale alipoachwa, akitazama kila gari linalopita. Si ndivyo wanavyofanya baadhi yenu huko milimani? Mbwa akizeeka mnangoja safari ya Mombasa, mnampakia, mnamwacha pale, mnajiambia wenye hoteli watamtupia mifupa. Halafu mkiulizwa mnasema ameshushwa."

"Washenzi!" Wakesho alifoka. "Watu wasio na haya!"

Josephat akakohoa.

Ofisini Wakesho alipewa fomu ya kurasa mbili. Ualimu wa miaka thelathini haumtoki mtu mkononi. Aliandika kwa hati safi kuhusu ua, maziwa, na mahali mbwa atakapolala siku za ukungu. Kisha akafika kwenye swali la tisa: Mbwa wako wa mwisho alikufaje? Kalamu ikasimama.

Josephat akamwinamia. "Andika ugonjwa."

"Hakuugua."

"Basi andika nyoka. Wote wanaandika hivyo, Mama Derrick. Ukiandika lile lingine hupewi mbwa."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana Wakesho alitamani kumpiga. Hasira aliyokuwa akiwagawia majirani tangu asubuhi ilimrudia yote, akaona haya kwa kinywa kilekile kilichotoka kuita watu washenzi. Akaandika: Sijui. Tulimshusha.

Khairat alisoma, akaifunga fomu.

"Hapana, mama. Sina mbwa wa kukupa."

"Nisikilize kwanza, mwanangu."

"Nimewasikiliza miaka sita! Wote mnapenda mbwa mkiwa ofisini kwangu!"

"Aliitwa Popi!" Wakesho alipaza sauti mpaka mbwa mabandani wakaanza kubweka. "Tulikuwa tunaenda harusini Mombasa. Tulimshusha njiani, Baba Derrick akamtupia kipande cha chapati, tukaingia garini. Popi aliiacha ile chapati, akatukimbilia. Mguu mmoja mbovu, na akakimbia, daktari! Nilimwona kwenye kioo. Nikapandisha dirisha, vumbi lisinichafulie kitenge. Miaka saba nimekasirikia kila mtu ila huyo mwanamke wa kitenge. Ukitaka kuninyima, ninyime. Lakini nyoka siandiki."

Josephat alikuwa amegeukia kalenda ya ukutani, naye hakuwa akisoma tarehe.

Khairat akaifungua fomu tena.

"Mchukue. Nitakuja Werugha kumwangalia. Sitapiga simu. Siku nikimkosa, nitasimama kanisani kwenu niwasomee hii."

"Njoo hata kesho."

Mbwa alifuata kamba vizuri mpaka langoni. Alipoiona pikapu alilala chini kwenye vumbi, akatetemeka, akajikojolea. Josephat alipotaka kumbeba, mbwa alikenua ufizi.

"Usimguse!"

Wakesho alipanda nyuma mwenyewe, na gauni lake la kanisani, akaketi juu ya chuma kilichochomwa na jua, akamwita. Hakuja. Akamwita tena.

"Mama Derrick, watu wanatazama."

"Watazame. Siku ile hawakuwepo wa kututazama."

Ilipita karibu saa nzima ndipo mbwa akaweka miguu ya mbele juu ya pikapu. Wakesho alimvuta, akamkumbatia na mkojo wake. Josephat akafungua mlango wa mbele.

"Njoo sasa, ameshapanda. Huko juu milimani kuna baridi."

"Endesha, Baba Derrick."

Njia nzima mbwa hakulala. Kila pikapu ilipopunguza mwendo kwenye matuta alisimama, mkia katikati ya miguu, akingoja kuachwa. Na kila mara Wakesho alimshika shingo, akamwambia kwa ukali kwamba kwao ni mbele.